Tumbo linalouma shule zikifunguliwa

Je, mwanao huumwa na tumbo au kichwa kila shule zinapofunguliwa, kisha akapata nafuu likizo ikifika? Usikimbilie kumwita mvivu. Mpeleke kwanza kwa daktari apimwe. Ikiwa hatapatikana na ugonjwa, maumivu hayo bado ni ya kweli. Hofu huvuruga mwendo wa utumbo, hata mtoto akahisi kichefuchefu au kuharisha.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Marekani walieleza kwamba, jinsi mwili unavyohitaji chakula, ndivyo nafsi inavyohitaji mambo matatu. Jiulize kama mwanao anayapata shuleni.

1. Kuwa na watu wake. Mtoto mgeni bwenini huweza kunyanyaswa na wakubwa wake, akanyamaza. Mwulize: "Ukipata shida usiku, utamwambia nani?" Akikosa mtu wa kumtaja, zungumza na mwalimu wake wa darasa.

2. Kuona kwamba anaweza. Orodha ya alama inayobandikwa ukutani humwonyesha tu kwamba amekuwa wa mwisho. Lakini mwalimu akimwonyesha alipokosea na namna ya kusahihisha, hupata moyo wa kujaribu tena.

3. Kusikilizwa. Hii si kumwacha afanye apendavyo. Ni kumweleza sababu ya sheria za shule, kumruhusu achague chama au mchezo aupendao, na kumsikiza kabla ya kumwadhibu.

Viboko haviondoi hofu, bali huizidisha. Vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili.

Ukiona kwa wiki mbili au zaidi kwamba mtoto halali vyema, hali, anajitenga au alama zake zinashuka ghafla, mwone mwalimu wa ushauri nasaha. Akitaja kufa au kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Pia unaweza kupiga simu ya kusaidia watoto, nambari 116, bila malipo.

Siku ya wazazi ikifika, kabla hujauliza alikuwa nambari ngapi, mwulize analalaje, na huketi na nani wakati wa chakula.