Mwana wa Mpemba aandikwe nani?

Wadogo zangu, barua ya leo imetoka Kwale. Mwandishi ni Mpemba, kaolewa na Mdigo, na mwanawe anaanza shule. Kwenye fomu kuna mahali pa kabila. Mume kamwachia ajaze mwenyewe, na siku ya tatu sasa kalamu haimwendi. Anauliza: nikiandika Mdigo, si nitakuwa nimemkana marehemu bibi yangu?

Mdogo wangu, ngoja kwanza nicheke. Wadigo wa zamani ukoo waliuhesabu kwa mama. Kwa mila ya mavyaa wako mwenyewe, huyo mtoto ni wenu! Usimwambie nimesema mimi.

Hofu yako naijua ilikotoka. Bibi zenu walivuka kutoka Pemba, wengine kabla ya uhuru wa 1963, wakazaa na kuzikwa huku bila kipande. Bila kipande, leseni ya kuvua hupati. Laini ya simu unasajili kwa jina la jirani, kisha unaomba Mungu msigombane, maana pesa zako za M-Pesa anazo yeye. Ndipo wengi wakajiita Wadigo au Wagiriama, wengine wakaazima hata majina ya wazazi. Siwalaumu. Lakini Wamakonde, nao waliokuwa bila kipande, walipata vitambulisho 2017, na Julai 2023, kule Kilifi, Rais William Ruto akawatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya. Ya nini kuazima tena?

Mtoto, kwa vile baba yake ni raia, ni Mkenya tangu siku aliyozaliwa. Ndivyo isemavyo ibara ya 14 ya Katiba ya 2010, na kabila haiulizi. Karatasi ya kukukosesha usingizi ni cheti chake cha kuzaliwa. Kitoe ukiangalie leo: jina lako humo ni lile lile la kwenye kitambulisho, au ni la kuazima? Kama yamepishana, nenda ofisi ya usajili mapema, kabla hajafika umri wa kuomba kipande chake.

Kwenye fomu mimi ningeandika kabila la baba yake, maana hilo si la kuazima, nikalala. Kilichonikera ni pale uliposema mavyaa akicheka "vyengine" zako za Kipemba unanyamaza, na siku hizi hata mtoto unamsemesha kwa lafudhi ya kuigiza. Hapana, mdogo wangu. Msemeshe vile bibi yako alivyokusemesha. Mavyaa akicheka, mpakulie pweza wa nazi, nawe uendelee kuongea.