Kunakili 'Kĩtui' kwenye Kumbukumbu ya C

Ukiandika programu za C huku Ukambani, zijaribu kwa Kĩtui yenye alama yake, si Kitui ya kwenye ramani za serikali. Kitui ya ramani hupita hata kwenye programu mbovu. Mimi hushughulikia orodha za maneno ya Kikamba kutoka Kitui na Makueni, na ndani ya programu kila neno hukaa kwenye bafa ya herufi pana, yaani wchar_t.

Kunakili bafa hiyo ni kazi ya wmemcpy, inayopatikana kwa kuita wchar.h:

wchar_t asili[] = L"K\u0129tui";
wchar_t nakala[16];
wmemcpy(nakala, asili, wcslen(asili) + 1);

Ile +1 ni ya sifuri inayofunga neno. Kumbuka kwamba wmemcpy huhesabu herufi, ilhali memcpy huhesabu baiti. Kwenye Linux wchar_t moja ni baiti 4, kwa hiyo asili ni baiti 24. Ukimpa wmemcpy sizeof asili, atachukua herufi 24, yaani baiti 96, na nakala ina nafasi ya 64 tu. Ukimpa memcpy ile wcslen(asili) + 1, yaani 6, atabeba K na nusu ya ĩ, basi. Kwenye Windows wchar_t ni baiti 2, ndiyo maana sipendi kuona 4 imeandikwa kwa mkono ndani ya programu.

Utata wenyewe hasa uko kwenye ile ĩ. Kuna maandishi ambamo ni herufi moja, U+0129, na mengine ambamo ni i ya kawaida ikifuatwa na alama peke yake, U+0303. Machoni hazitofautiani, lakini wcslen itakuambia 5 kwa neno moja na 6 kwa lingine. Ukinakili herufi mbili za mwanzo za hilo la pili, unapata Ki, alama imebaki nyuma.

Kwa hiyo mimi huunganisha kwanza i na alama yake, hapa neno ikiwa bafa yenye hilo la pili:

neno[1] = 0x0129;
wmemmove(neno + 2, neno + 3, 4);

Hapa wmemcpy haifai, kwa sababu zinakotoka herufi na zinakokwenda huingiliana. Wmemmove imeundwa kwa hali hiyo. Zile 4 ni t, u, i na sifuri. Kwa ũ, tumia 0x0169.