SOMO LA MAJI: INJINI INAUNGURUMA, MAJI HAYAPANDI



Umefika bombani asubuhi na ndoo yako. Foleni ni ndefu, injini inasikika ikiunguruma kule mtoni, lakini koki ni kavu. Watu wanasema pampu imekufa. Mara nyingi haijafa. Ina hewa tumboni. Somo hili limeandikwa kwa wahudumu wa pampu na kamati za maji, lakini kila mkazi alisome, kwa sababu koki zikikauka watu hurudi kuchota mtoni. Huko Goma, Julai 1994, maji salama yalikuwa machache mno, na kipindupindu pamoja na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi.

Pampu inayokaa nchi kavu haivuti maji kama kamba ivutavyo ndoo kisimani. Pangaboi lililo ndani yake hutupa maji nje, nafasi inabaki, ndipo uzito wa hewa unaokandamiza mto huyasukuma maji mengine yapande bombani. Tumbo likijaa hewa, pangaboi linazunguka bure. Ndiyo sababu pampu hujazwa maji kabla ya kuwashwa.

Zima injini. Funga koki ya bomba linalopeleka maji tangini. Fungua kizibo cha juu ya pampu, umimine maji safi taratibu mpaka yafurike bila mapovu. Maji ya tope hayafai, kwani mchanga hula sili. Funga kizibo, washa, kisha fungua koki kidogo kidogo. Pampu ndogo za petroli zinazojivutia maji zenyewe hujazwa tumbo tu, nazo huchukua dakika chache kabla ya kutoa maji. Zile zenye valvu kwenye mdomo wa bomba kule mtoni ni lazima ujaze na bomba lote la kufyonza, kwa hiyo usishangae zikimeza dumu baada ya dumu. Zikimeza bila kujaa, valvu haifungi. Litoe bomba, utafute jani au kokoto iliyokwama.

Kwa kazi hii weka madumu mawili ya maji karibu na pampu, yasiguswe. Tunajua dumu lililojaa linavyotamanisha siku ya ukame, lakini bila hilo mhudumu hana la kuanzia.

Umejaza na bado maji hayaji? Usiiache pampu iendelee kuzunguka kavu. Sili hupozwa na maji yaleyale, na bila maji huungua kwa dakika chache. Pampu ikiwa ya moto, iache ipoe kabla ya kumimina maji.

Kisha fuata bomba la kufyonza kutoka pampu hadi mtoni, kwa maana kosa mara nyingi liko huko. Tundu dogo ambalo halivujishi hata tone huingiza hewa. Injini ikiwa inazunguka, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mahali povu linapofyonzwa ndani, hapo ndipo penye tundu. Kaza klampu au badilisha gasketi. Angalia pia kama bomba limepinda kama mgongo wa ngamia, maana hewa hujificha kwenye nundu. Bomba lipande moja kwa moja kuelekea pampu. Wazazi, wakatazeni watoto kulikalia na kulivuta.

Kiangazi mto hushuka, na hapo mdomo wa bomba huanza kumeza hewa. Uwe angalau nusu mita chini ya maji, lakini usiguse mchanga. Urefu kutoka usawa wa maji hadi pampu usizidi mita 7, na katika nchi za milima uwe pungufu ya hapo, kwa sababu hewa ya juu ni hafifu. Injini kubwa zaidi haisaidii. Isogeze pampu chini, karibu na maji, ila si mahali mafuriko yatakapoifikia.

Ukisikia sauti kama changarawe ndani ya pampu, chujio huenda limeziba, lisafishe.

Ukijaza mara mbili bila mafanikio, zima, andika daftarini saa na ulichokiona, umwite fundi. Mwenzako aende kwenye foleni awaambie watu mapema kwamba maji yatachelewa, na kwamba atakayechota mtoni ayachemshe mpaka yatokote kabla ya kunywa.