Nyumba Chini ya Maji: Tutumie Mchezo, Tusiuamini Wote

Katika Minecraft, mchezo wa kompyuta uliotolewa rasmi mwaka 2011, mtoto aweza kujenga nyumba chini ya bahari. Ili aingie bila kuleta mafuriko, hujenga kijumba cha milango miwili: hufunga mlango wa nje, hukausha maji kwa sifongo, ndipo hufungua wa ndani. Hapo hujifunza utaratibu wa kweli: milango hiyo haifunguliwi kwa pamoja.

Lakini sisi walimu tusiridhike. Katika mchezo huo mlango wa mbao, hata ukiwa wazi, huzuia bahari nzima, kana kwamba maji hayasukumi. Katika bahari halisi, kila mita 10 za kina huongeza kanieneo karibu sawa na ile ya hewa tuivutayo ufukweni. Kosa hili tulisahihishe kwa vitendo.

Vifaa: beseni la maji, bilauri, karatasi.

Hatua:
1. Tushindilie karatasi kavu kwenye kitako cha bilauri.
2. Tuifudikize bilauri na kuizamisha wima.
3. Kabla ya kuitoa, tuwaulize wanafunzi: karatasi imelowa?
4. Turudie, safari hii tukiiinamisha. Mapovu hutoka, maji huingia.

Hewa iliyonaswa ndiyo iliyozuia maji. Kwa kanuni hiyo maabara ya Aquarius, iliyowekwa baharini Florida, Marekani, katika kina cha mita 19 hivi, iliundwa na lango la chini lililo wazi: hewa ya ndani husukuma sawasawa na maji.

Basi mchezo uanzishe swali. Beseni litoe jibu.