Umeitwa Chuo cha Ziwani? Maswali na Majibu kwa Wanaoanza

Majina ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, yakishatoka, simu yangu haitulii. Wapo vijana waliotarajia Nairobi wakajikuta wameitwa Bondo, Homa Bay au Maseno, na wapo wazazi ambao hawajawahi kuvuka Ahero hata kwa mazishi. Kazi yangu ya miaka mingi ni kushauri wanafunzi katika ukanda huu wa ziwa, kwa hiyo nimekusanya maswali yanayorudi kila mwaka. Ya mapenzi nimeyaacha. Hayo huulizwa usiku na hujibiwa usiku.

Mwalimu, nimeitwa Bondo. Kaka zangu wanasema niombe kuhamia Nairobi kabla sijapotea. Wewe wasemaje?

Tazama kozi kwanza, mji baadaye. Kuhama kunaruhusiwa, na KUCCPS hufungua dirisha la maombi kwa muda mfupi, kwa hiyo kama kozi uliyopewa si yako, usilale. Lakini ukihama kwa sababu tu jina la Bondo halina mvuto ukilitaja mbele ya marafiki, utalipia mvuto huo kwa kodi ya nyumba miaka minne.

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, pale Kisian njia hugawanyika. Moja huendelea Maseno, nyingine hukata kushoto kwenda Bondo na kuishia Usenge, ufuoni. Maseno ndiyo mama wa vyuo hivi. Ilianza 1990 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ikajitegemea 2001, kisha ikazaa. Chuo cha Jaramogi Oginga Odinga, ambacho wengi hukiita JOOUST, kilikuwa chuo cha walimu hapo Bondo, kikawa chuo kishiriki cha Maseno mwaka 2009, kikapata hati yake 2013. Chuo cha Tom Mboya, Homa Bay, kilifuata njia hiyohiyo kuanzia 2016. Kwa hiyo unaingia katika vyuo vichanga. Usitarajie kila kitu kiwe tayari, lakini tarajia mhadhiri atakayelijua jina lako.

Tarehe 19 Oktoba 2025 ibada ya mazishi ya Raila Odinga ilifanyika katika uwanja wa JOOUST, kabla ya kuzikwa nyumbani kwao, Kang'o ka Jaramogi. Siku hiyo Bondo haikuwa mji mdogo. Siku nyingine ni mdogo kweli: ukikosa darasa asubuhi, jioni muuza chapati atakuuliza ulikuwa wapi. Mimi naiona hiyo kuwa faida. Nairobi nimesikia vijana waliougua chumbani siku nzima bila mtu kubisha hodi.

Mimi ni mzazi, mkulima wa Nyandarua. Serikali ikishampa mtoto ufadhili na mkopo, mimi nabaki na nini cha kulipa?

Mzee wangu, umebaki na mengi kuliko barua inavyoonyesha. Mpango uliotangazwa 2023 uligawa karo mafungu matatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Familia zikapangwa kwa viwango kulingana na kipato. Mpango wenyewe umepingwa mahakamani na viwango vyake vimerekebishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo soma barua ya mwanao, usisome ya mtoto wa jirani wa mwaka juzi. Kama unaona amewekwa kiwango kisichokufaa, ipo njia ya kukata rufaa. Itumieni mapema mkiwa na vyeti mkononi.

Sasa hesabu ya tumbo. Mkopo wa matumizi katika mpango huo ulikuwa kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka. Chukua 50,000. Gawanya kwa mihula miwili, kila muhula wiki 16: ni kama shilingi 220 kwa siku. Humo mna chakula, chumba, nauli, sabuni, bando na kuchapisha kazi za darasa. Na fedha hizo si lazima ziingie siku ya kufungua chuo. Huja zinapokuja. Mtoto akifika kwa nauli tu, wiki ya tatu atakuwa amekopa kwenye simu, na mikopo ya simu haina huruma.

Ninachowaambia wazazi ni hiki: kama huwezi kutuma fedha nyingi, mpe za wiki sita za kwanza, na utume kidogo kila wiki badala ya kutuma mfuko mzima mara moja. Kijana wa miaka 19 aliyeingiziwa 25,000 Ijumaa jioni huwa na marafiki wengi hadi Jumapili. Na muulize waziwazi kuhusu kamari ya mpira. Nimeona karo ikiishia huko mara nyingi kuliko ilivyoishia kwenye pombe.

Nikae hosteli ya chuo au nipange ploti nje?

Mwaka wa kwanza, hosteli ukiipata. Vitanda ni vichache, kwa hiyo omba siku mfumo unapofunguliwa, usingoje kufika na sanduku.

Ukikosa, nenda ukaone chumba jioni, si saa tano asubuhi. Jioni ndipo utakapojua kama bomba lina maji, kama baa ya jirani inafunga, na kama bati halina dari, maana joto la siku nzima bado litakuwa ndani. Uliza kama mita ya tokeni ni yako peke yako au mnachangia na mwenye friji. Halafu waulize wapangaji, usimuulize mwenye ploti, kama maji huingia mvua ikinyesha. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likafukuza watu ufuoni, na 2024 likapanda tena. Palipojaa maji mara mbili, chumba huwa cha bei nafuu ghafla, na kinapakwa rangi mpya.

Nitakula nini? Nasikia huko ni samaki tu.

Utatamani iwe hivyo. Ngege mzima wa kukaanga, pale Dunga au sokoni, si chakula cha mwanafunzi kila siku. Ni cha siku HELB imeingia. Chakula cha makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, ni ugali, sukuma wiki, maharagwe, na wokovu wao, omena.

Bei ya omena nayo ina kalenda yake, na anayeijua hula vizuri. Omena huvuliwa usiku gizani. Wavuvi huweka taa juu ya maji, samaki wakafuata mwanga, wakazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Wiki hiyo bei hupanda. Tena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya ili wazaane. Kwa hiyo nunua mwezi ukiwa umefifia, na ununue za kutosha mwezi Machi. Omena kavu hukaa wiki nyingi kwenye ndoo yenye kifuniko.

Chagua zinazong'aa rangi ya fedha. Zenye wekundu zimeanza kuharibika, na zenye mchanga mwingi zilianikwa chini. Zichambue, zioshe kwa maji moto mara tatu nne hadi bakuli lisibaki na mchanga, uzikaushe, kisha uzikaange mpaka ziwe kavu na za kuvunjika. Hapo ndipo uweke kitunguu na nyanya, na mwishoni maziwa kidogo. Wanaosema omena ni chungu waliruka hatua ya kuosha.

Kisumu utakutana pia na mgongo wazi. Viwanda huchukua minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, mifupa na kichwa hubaki, nayo hukaangwa mtaa wa Obunga na kuuzwa kwa bei ya mnyonge. Kuna wanaoona aibu kununua. Aibu yao haijai sufuria.

Natoka Nyeri. Malaria huko ni ya kweli au ni maneno?

Ni ya kweli, na wewe ndiye hasa wa kuogopewa. Mtu aliyekulia hapa ameumwa tangu utotoni na mwili wake una kinga kiasi. Wewe wa mlimani huna. Homa Bay ndipo Kenya ilipozindulia chanjo ya malaria Septemba 2019, lakini chanjo ile ni ya watoto wadogo. Yako ni chandarua kilichotiwa dawa, kila usiku, hata usiku wa joto, na zaidi wiki zinazofuata mvua za Machi hadi Mei.

Ukihisi homa, kapimwe kwanza, usinunue dawa kwa kukisia. Ukipewa za siku 3, zimalize zote hata kama siku ya pili unajisikia mzima. Halafu jambo linalosahaulika kila mwaka: ukifunga chuo ukaenda kwenu Nyeri na homa ikakukuta huko, mwambie daktari kwamba umetoka ziwani. Asipojua anaweza kutibu mafua huku malaria ikipanda kichwani.

Kuogelea je?

Ziwani, hapana. Maji ya kando, hasa yenye majani na yaliyotulia, yana konokono wanaobeba kichocho, na mdudu wake huingia kwenye ngozi bila kuuma. Uliyekwisha kuingia, kapimwe. Dawa yake ipo na ni ya vidonge. Viboko nao hutoka jioni kula nyasi, na hawajali kama una kamera.

Mtumbwi upande asubuhi, ukiwa na jaketi la kuokolea ulilolifunga, si ulilolikalia. Dhoruba za hapa nyingi huja baada ya saa nane mchana, na huja haraka.

Sijui Kijaluo hata neno moja. Nitatengwa?

Hapana. Darasani ni Kiingereza, kibandani ni Kiswahili. Ila jifunze *oyawore* ya asubuhi na *ero kamano* ya shukrani, na mzee umwite *jaduong'*. Mama mboga akishakuita *nyathina*, mtoto wangu, ujue utakopeshwa sukuma. Lipa siku uliyosema.

Mimi ni msichana wa mwaka wa pili Homa Bay. Nataka kununua samaki ufuoni niwauzie wenzangu. Nianzeje?

Mwanangu, biashara ni nzuri, na nitakwambia yote kwa sababu wengine watakuonea haya. Ufuoni kuna mtindo uitwao jaboya: mvuvi humpa mwanamke samaki kwa masharti ya mwili, kisha humwita mteja wake. Wanawake wengi wameumia kwa mtindo huo, na kaunti za ziwa ndizo zenye viwango vya juu kabisa vya virusi vya ukimwi nchini. Kina mama wa ufuo wa Nduru waliukataa kwa kutafuta mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume kuvua. Mafuriko ya 2020 yaliharibu kijiji chao, lakini walikwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Wewe usianze na mvuvi. Anza na mama. Kila ufuo una kamati yake, BMU, yenye ofisi na mwenyekiti. Jitambulishe hapo, uulize kina mama wanaonunua kwa mzani, uchange nao. Lipa kwa M-Pesa ili risiti ibaki kwenye simu. Mkono wa mtu ukikaa begani mwako kupita salamu, ondoka. Siku hiyo uza mayai.

Na uanze na omena au samaki waliokaushwa. Samaki mbichi bila barafu, kwa jua la Homa Bay, hakuvumilii hadi kipindi cha mchana kiishe.

Wikendi nitafanya nini mji huo?

Makomredi wengine watakualika disko matanga. Usiende. Ni muziki wa usiku kucha kwenye msiba wa watu usiowajua, serikali imeipiga marufuku mara kadhaa, na wasichana wengi wanajua ni kwa nini.

Kuna mengine. Barabara ya Bondo inapita karibu na Kit Mikayi, miamba iliyopangana kama magunia ghalani, ambako watu bado huenda kuomba. Jumba la makumbusho la Kisumu lina boma la Kijaluo la ukubwa wa kweli. Kutoka Luanda K'Otieno feri huvuka hadi Mbita, na kutoka Mbita unaingia Rusinga kwa barabara. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, ambaye miaka kumi kabla alikuwa akipanga ndege za kupeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Mwanafunzi wa chuo chenye jina lake ambaye hajafika pale, mimi humkumbusha kila nikimwona.

Mwaka wa tatu nitahitaji mafunzo ya kazini. Si lazima nirudi Nairobi kutafuta?

Si lazima, na kwa kozi nyingine ingekuwa hasara. Kisian kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, ambako malaria na magonjwa mengine huchunguzwa. Kisumu kuna taasisi ya utafiti wa uvuvi, KMFRI, kuna Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, na kuna makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Afrika Mashariki. Hospitali kubwa ya Jaramogi iko palepale mjini, na kila kaunti ina ofisi za uvuvi, maji na kilimo ambazo wanafunzi huzisahau.

Ukitaka nafasi ya Mei, barua iwe imefika Januari. Peleka nakala kwa mkono, ukiwa na bima ya mafunzo na barua ya chuo, uandike jina la aliyeipokea. Baada ya wiki mbili rudi ukamuulize huyohuyo. Wenzako wengi wataanza kutafuta Aprili, baada ya mitihani.