Uzalendo: Kuzaliwa au Kuwajibika? Mfano wa Maretadu

Neno uzalendo hubeba dhana mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Mzalendo ni mtu aliyezaliwa katika nchi fulani. Pia ni mtu aipendaye nchi yake na aliye tayari kuitumikia. Dhana ya kwanza haihitaji jitihada. Ya pili hudhihirika kwa matendo.

Tuchukue mfano wa Maretadu, wilayani Mbulu. Lugha ya kwanza ya wenyeji wengi ni Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Katika eneo la Mbulu na Hanang wamo pia Wadatooga, wasemao lugha ya Kiniloti. Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na nasaba na lugha nyingine. Na wasemaji wa lugha za Kibantu. Kama nasaba ndiyo ingekuwa kipimo, taifa moja lisingepatikana hapo. Kiunganishi ni Kiswahili, lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu miaka ya 1960.

Hata hivyo, lugha moja si ushahidi wa hisia moja. Kiswahili hakitofautishi “yetu” inayomjumuisha msikilizaji na ile inayomtenga. Mkulima wa Maretadu asemapo “nchi yetu”, je, amemhesabu mfugaji wa Kidatooga? Wimbo uliokaririwa shuleni haujibu swali hilo. Hujibiwa pale ardhi ya malisho na mashamba inapogombaniwa.

Kwa maoni yetu, basi, uzalendo huhisiwa kweli pale ambapo neno “yetu” humpa jirani haki ileile anayoidai msemaji.