Kishindo cha Roketi

Watoto, ngoma kubwa ikipigwa hapa Nyangwe, aliye karibu hutetemeka kifua. Aliye ng'ambo ya Lualaba husikia tu. Sauti ni mtikisiko wa hewa, nayo husukuma kila inachogusa.

Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilibeba Uhuru, chombo cha kuchunguza nyota. Roketi inapoondoka hunguruma sana. Kishindo hugonga chini, hurudi juu, na chaweza kuharibu chombo kabla hakijafika mbinguni. Basi mafundi hukadiria kishindo mapema kwa nguvu ya injini na umbali. Kisha hujaribu chombo kwa sauti kali kama hiyo.

Maulizo
1. Sauti ni nini?
2. Kwa nini kishindo hupungua roketi ikipanda?